Mzabibu wa Nyumbani Dodoma: Kutambua Dalili na Kutafuta Chanzo

Wapo wakazi wa Dodoma ambao, baada ya kuonja cheri tamu wakiwa safarini Ulaya, hutamani kupanda mti huo uani kwao, na swali lao hunifikia mara kwa mara. Jibu langu halibadiliki: mche unaweza kuishi, hata kutoa majani, lakini usitarajie kula matunda yake. Aina nyingi za cheri tamu huhitaji saa zipatazo 700 hadi 1,200 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo macho yake, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye matawi, yaamke na kuchanua, ilhali usiku wa Julai hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 au 14 tu. Mzabibu nao asili yake ni nchi zenye majira ya baridi, lakini una tabia moja inayotuokoa: ukiukata, huamka. Mkasi hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na baridi. Ndiyo sababu zabibu, zilizoanza kupandwa hapa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, zimekuwa zao la Dodoma, na ndiyo sababu kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinazishughulikia hadi leo. Mwenye nafasi ya mita tatu kwa tatu uani anaweza kuwa na mzabibu unaozaa mara mbili kwa mwaka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye tayari anao mzabibu, na kuna jambo haliendi sawa. Kabla ya kwenda duka la pembejeo, jiulize swali moja: mzabibu huu ulipogolewa lini? Kila kitu kwenye mmea huu huhesabiwa kuanzia siku hiyo. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 15, maua huonekana kwenye wiki ya tano au ya sita, na mavuno huja baada ya miezi minne hivi. Dalili ileile ya wiki ya pili na ya wiki ya kumi na mbili huwa na maana tofauti kabisa. Mimi huandika tarehe kwa msumari kwenye kipande cha bati na kukifunga kwenye nguzo kwa waya, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hupotea upesi na karatasi huliwa na mchwa.

Majani ni mengi, matunda hakuna

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na chanzo chake mara chache sana huwa ni ugonjwa.

Ikiwa mmea haujatimiza mwaka mmoja na nusu, hauna tatizo lolote. Unajenga mizizi na shina, na mavuno ya maana yatakuja mwaka wa pili au wa tatu. Ikiwa umevuka umri huo, chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: kupogolea, mwanga, na mbolea.

Mzabibu huzaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye ufito uliokomaa wa msimu uliotangulia. Usipopogolewa, nguvu yote hukimbilia nchani mwa fito, mmea unatambaa hadi kwenye paa la jirani, na katikati panabaki miti mitupu. Ukikatwa ovyo hadi kwenye kigogo kizee, nao utatoa machipukizi manene yenye majani mapana bila kichala hata kimoja, kwa sababu macho yanayolala ndani ya mti mzee aghalabu huwa matasa. Njia sahihi ni kuchagua fito za msimu uliopita zenye unene wa penseli au zaidi, zilizogeuka rangi kuwa kahawia na kukauka ngozi yake, kisha kuzikata ukiacha macho mawili au matatu kwenye kila kisiki. Baadhi ya aina zisizo na mbegu hazibebi chochote kwenye macho ya chini. Hizo huachiwa ufito mrefu wa macho 8 hadi 12. Kama hujui aina uliyo nayo, pogolea nusu kwa visiki vifupi na nusu kwa fito ndefu, na mavuno yenyewe yatakujibu.

Mwanga ndio watu wengi hawaufikirii. Kichala utakachokiona msimu ujao kinaumbwa ndani ya jicho msimu huu, na jicho lililokaa gizani huumba mkono wa kutambalia badala ya kichala. Nina jirani mmoja eneo la Nkuhungu ambaye alipandisha mzabibu juu ya kichanja cha mbele ya nyumba, akapata kivuli kizuri cha kupumzikia, lakini kwa miaka minne hakuvuna chochote. Aliununulia mbolea na virutubisho vya kupulizia mara tatu. Aliponiita, nilipanda kwenye kiti na kuyatenganisha majani kwa mikono miwili: tabaka la kwanza lilikuwa kijani kibichi, la pili limepauka, na chini yake fito zilikuwa nyembamba kama bua la ulezi, nyeupe, laini kwa kubonyeza. Vichala viwili tu vilikuwa vinaning'inia, vyote kwenye ukingo wa magharibi ambako jua la alasiri linapenya. Tulipogolea mwanzoni mwa Mei, tukaondoa takribani theluthi mbili za mti wote. Nilimwonya kwamba mavuno ya kwanza yangekuwa haba kwa kuwa macho yaliyobaki yaliumbwa kivulini, na kweli Septemba alipata vichala vichache vya kuhesabu kwa vidole. Baada ya mkato wa pili, wa mwezi wa kumi na moja, vilizidi arobaini.

Katika nyua zetu kivuli hiki mara nyingi hutoka kwa mwarobaini. Ni mti mwema na hakuna anayetaka kuukata, lakini mzabibu uliopandwa chini yake hunyimwa jua na pia maji, kwa sababu mizizi ya mwarobaini husafiri mbali kuliko matawi yake. Hapo suluhisho ni kuchukua pingili za mzabibu huo, yaani vipande vya ufito vya kupandia, na kuzipanda upya mahali penye jua la saa saba au nane kwa siku.

Kuhusu mbolea nitasema kwa kifupi. Samadi nyingi mbichi au urea inayomwagwa kila mwezi hujenga majani. Ndoo moja au mbili za samadi iliyooza vizuri, mara moja baada ya kila mkato, zinautosha mzabibu wa nyumbani.

Machipukizi yanatoka nchani tu, macho ya chini yamelala

Tatizo hili ni ndugu wa lile la cheri. Mahali pasipo na baridi ya kutosha, jicho la juu kabisa huamka kwanza na kuyazuia yale ya chini yake yasiamke. Kwenye mashamba makubwa ya nchi za joto hutumika kemikali ya kuamshia macho, lakini ni sumu kali kwa mpulizaji na simshauri mtu yeyote kuileta kwenye ua wenye watoto na kuku. Nyumbani zipo njia tatu za salama. Punguza maji kwa wiki mbili au tatu kabla ya kupogolea ili mmea utulie. Ondoa majani yote yaliyobaki siku ya kukata. Kisha, ikiwa umeacha fito ndefu, zikunje kama upinde na kuzifunga kwenye waya hadi nchani paelekee chini. Mkunjo huo hupunguza ubabe wa jicho la mwisho, na macho ya katikati yataamka pamoja.

Ukiona maji yanadondoka kwenye majeraha ya mkasi kwa siku kadhaa, usihangaike kuziba kwa udongo wala nta. Wenyeji husema mzabibu unalia. Ni dalili kwamba mizizi ni mizima na inasukuma maji juu, na kilio hicho hukoma chenyewe majani yakitoka.

Unga mweupe, na madoa ya njano

Magonjwa haya mawili huchanganywa sana, na kwa kuwa dawa zake ni tofauti, anayekosea hupoteza fedha na mavuno.

Ubwiri unga huonekana kama vumbi la unga wa dona lililomwagika juu ya jani, ambalo ukilifuta kwa kidole hutoka. Hushika machipukizi machanga, kisha punje za zabibu, ambazo ngozi yake hukakamaa na kupasuka hadi mbegu zikaonekana. Hauhitaji mvua. Hustawi kwenye hali ya joto la wastani na kivuli kilichosongamana, na kwa hiyo huweza kukuta mzabibu wako mwezi wa Juni, katikati ya kiangazi, wakati kila mtu anadhani ukungu umekwisha. Kinga yake kuu ni mwanga na upepo: ondoa majani yanayofunika vichala upande unaopata jua la asubuhi. Salfa ya kuchanganya na maji inafaa ikianza kupuliziwa mapema, machipukizi yakiwa na urefu wa kiganja, na kurudiwa kadiri lebo inavyoelekeza. Isipuliziwe mchana wa joto linalozidi nyuzi 30, kwani huunguza majani. Alfajiri ndiyo saa yake. Kwa mizabibu miwili au mitatu, maziwa mabichi yaliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, yakipuliziwa asubuhi yenye jua mara moja kwa wiki, hupunguza ugonjwa huu kwa kiasi cha kuridhisha, ila yanazuia kuliko kutibu.

Ubwiri vinyoya huanza na doa la njano upande wa juu wa jani, lenye kung'aa kana kwamba limedondoshewa mafuta ya kula. Geuza jani hilo asubuhi na mapema: chini ya doa utakuta vinyoya vyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Ukifuta upande wa juu, hakuna kinachotoka. Ugonjwa huu ni wa maji, na bila jani kulowa kwa saa kadhaa hauingii. Hapa Dodoma, ambako mvua huanza Desemba na kumalizika Aprili, zao la Februari na Machi ndilo linaloumia, na lile la Agosti na Septemba kwa kawaida hupona. Dawa zenye shaba hukinga iwapo zitapuliziwa kabla ya mvua kubwa. Zikipuliziwa baada ya madoa kuenea, hulinda tu majani yaliyobaki salama. Mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) na chokaa, ambao mtaalamu wa mimea Millardet aliutangaza huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, ulitokana na mapambano dhidi ya ugonjwa huuhuu, na dawa za shaba za leo ni wajukuu zake.

Anayemwagilia kwa mpira akirusha maji juu ya majani jioni anauletea mzabibu wake mvua ya kutengeneza. Maji yaende shinani.

Maoni yangu binafsi ni kwamba mtu mwenye mzabibu mmoja au miwili, asiye na bomba zuri la kupulizia wala muda, afanye zao la kiangazi kuwa ndilo lake. Akate Aprili mwishoni au Mei, na mkato wa Oktoba au Novemba auchukulie kama wa kutengeneza mti, na kitakachopatikana kwenye mvua kiwe nyongeza.

Kingo za majani zinaungua

Jani linaanza kukauka ukingoni, kahawia inasogea kuelekea katikati, na mishipa inabaki kijani hadi mwisho. Mwenye mzabibu huona ukame, naye huongeza maji. Nami nilifanya hivyohivyo mwaka wa kwanza, nikimwagilia kila jioni kwa maji ya kisima, na kadiri nilivyoongeza ndivyo kingo zilivyozidi kuungua. Siku moja nilipoinama kupalilia, niliona kwenye ukingo wa beseni la udongo utando mweupe kama baridi ya kwenye friji. Niliuweka ncha ya ulimi: chumvi.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na anayeteka anaijua kwa namna sabuni inavyokataa kutoa povu. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku, jua hunyonya maji na kuacha chumvi kwenye sentimita chache za juu, palepale ilipo mizizi laini. Ili kutofautisha chumvi na ukame halisi, chimba kwa mkono hadi kina cha kiwiko. Udongo ukiwa mkavu hadi chini na majani yananyong'onyea mchana, ni kiu. Udongo ukiwa na unyevu, majani yaliyoungua ni yale ya zamani ya chini, na kuna utando mweupe juu ya ardhi, ni chumvi.

Tiba ni kumwagilia mara chache kwa wingi. Mzabibu uliokomaa, kwenye kiangazi, upewe madumu matatu au manne ya lita 20 kwa mara moja, kila wiki, ili maji yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Kwenye kichanga kinachopitisha maji upesi, gawanya kiasi hicho mara mbili kwa wiki. Funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua ili kupunguza mvuke. Kinga maji ya paa wakati wa mvua na kuyaelekeza shinani, kwa kuwa maji ya mvua hayana chumvi na ndiyo yanayosafisha ardhi vizuri kuliko mengine yote. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyamwage hapo hata siku moja. Na ikiwa ua wako uko kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji, hata kumwagilia kwa wingi hakutasaidia. Inua tuta la nusu mita, changanya kichanga na samadi, na kupanda upya juu yake.

Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, bila kuungua, mmea unakosa chuma, na mara nyingi ni kwa sababu mizizi inakaa kwenye maji. Njano kama hiyo ikiwa kwenye majani ya zamani, ni upungufu wa magnesi.

Tawi au mmea mzima umenyauka ghafla

Fukua shina kwa upole hadi chini ya usawa wa ardhi. Ukikuta udongo mwekundu umepakwa kwenye gome na chini yake mti umeliwa, ni mchwa, na hushambulia zaidi kuanzia Julai hadi Novemba nyasi zinapokwisha. Wafukuze kwa kusogeza matandazo umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, kuondoa visiki na vipande vya mbao vilivyozikwa karibu, na kumwagilia inavyopasa, kwani mti wenye kiu ndio wanaoupenda. Nguzo za mbao zisiguse shina.

Ikiwa gome ni zima lakini mmea umedumaa kwa muda mrefu kabla ya kunyauka, ng'oa mzizi mmoja mwembamba. Vinundu vidogo vilivyofuatana kama shanga ni kazi ya minyoo fundo, ambayo hupenda kichanga na hubaki ardhini baada ya nyanya, bamia au bilinganya. Haina dawa ya kuaminika kwa bustani ya nyumbani. Samadi iliyooza huupa mmea nguvu ya kuvumilia, lakini mche mchanga uliojaa vinundu ni heri kuung'oa na kupanda mwingine mahali pengine, kwa pingili kutoka mti usio na dalili hizo.

Sisimizi, utomvu wa kunata na masizi meusi

Sisimizi wanaopanda na kushuka kwa msururu hawali mzabibu; wanafuga vidung'ata, wadudu weupe wenye unga kama pamba wanaojificha chini ya magome yaliyobanduka na ndani ya vichala. Utomvu wao ndio unaoota masizi. Bandua magome makavu baada ya kupogolea, sugua shina kwa brashi na maji ya sabuni ya mche, na zuia sisimizi wasipande kwa kupaka grisi kwenye kitambaa kilichofungwa shinani. Sisimizi wakikosa njia, wadudu wengine walao vidung'ata huja wenyewe.

Maua au punje changa zinapukutika

Kupukutika kwa sehemu kubwa ya maua ni jambo la kawaida, kwani kichala hakiwezi kubeba yote. Hofia pale kinapobaki na punje chache zilizotawanyika. Mvua iliyonyesha siku za kuchanua, kiu ya ghafla katika wiki hiyohiyo, au mbolea ya urea iliyowekwa karibu na maua, ndivyo vyanzo vya kawaida. Angalia kibati chako cha tarehe: kuanzia wiki ya nne hadi ya saba baada ya mkato, usibadilishe ratiba ya maji wala usiweke mbolea.

Zabibu ni chachu, au zimepasuka zikikaribia kuiva

Kupasuka kwa wingi pasipo unga mweupe hutokana na maji mengi baada ya ukame. Punje hunywa haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Nyigu na ndege humalizia, hivyo funika vichala kwa mifuko ya karatasi ya kaki au chandarua kikuukuu punje zinapoanza kubadilika rangi.

Uchachu una vyanzo viwili. Cha kwanza ni mzigo. Kichala kimoja huhitaji majani 12 hadi 15 yenye jua ili kijaze sukari, na chipukizi lenye vichala vitatu na majani kumi litavifikisha vyote nusu njia. Ondoa kimoja au viwili zikiwa bado punje za ukubwa wa mbaazi. Inauma moyo, lakini vinavyobaki hulipa. Cha pili ni haraka. Rangi hutangulia utamu kwa wiki mbili hadi tatu, na zabibu iliyokatwa haiendelei kuiva kama embe au ndizi. Onja punje ya nchani kabisa mwa kichala, ambayo ndiyo huiva mwisho, na uangalie mbegu yake: ikiwa kahawia na inavunjika kwa jino, kata, ikiwa kijani, subiri.

Baada ya kuvuna, usikate siku hiyohiyo. Majani yaliyobaki yanarudisha akiba ya chakula kwenye fito na mizizi kwa wiki tatu au nne, na mzabibu unaonyimwa mapumziko hayo ndio unaokuja na machipukizi dhaifu msimu unaofuata. Endelea kuyalinda dhidi ya ubwiri, punguza maji polepole, na ufito ukishakuwa wa kahawia hadi jicho la kumi, noa mkasi na uandae kipande kingine cha bati.